Kilo Tisini na Mbili za Ndege ya Seoul

Kaka Sodnomdarjaa, ambaye sote tunamwita Kaka Sodnom, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 29 Septemba, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kupanga safari za ndege katika ofisi yetu ya Ulan Bator. Mhariri wa jarida la kampuni yetu ameniomba maneno ya kuchangamsha. Nitajaribu.

Kazi yake ilikuwa hesabu: umbali, upepo, mafuta, uzito. Safari yake kuu ni ya Seoul, kilomita elfu mbili hivi, saa tatu kwenda, kurudi nusu saa zaidi kwa kuwa upepo wa magharibi hauna adabu. Akikuandikia dakika, dakika zinatimia. Marubani walimtania kwamba hata harusini atakwambia bibi harusi atachelewa kwa dakika ngapi. Jikoni kwetu hakuna aliyethubutu kumimina chai ya chumvi, chai yetu ya kila siku, hadi ukingoni mbele yake, asije akaambiwa kikombe kimezidi uzito.

Miaka yote hiyo, hakuna ndege yake iliyopungukiwa mafuta. Wakubwa wanapenda kulisema hilo kwenye sherehe. Basi mimi niseme wasilolisema.

Julai, miaka sita iliyopita, mkewe Tsermaa alikuwa amelazwa Seoul. Asubuhi hospitali ikapiga simu: njoo leo. Sisi wafanyakazi hupanda bure, nafasi ikibaki. Vilibaki viti kumi na kimoja. Lakini huku joto lilikuwa kali, na kwenye joto ndege hupaa na uzito mdogo zaidi; huko Seoul kuna tufani, ikabidi mafuta ya akiba yaongezwe, na hesabu ikatoka: ndege imezidi kilo tisini na mbili. Yaani Sodnom na begi lake. Aliyepiga hesabu hiyo ni yeye mwenyewe, koti likiwa mkononi.

Tumboni mwa ndege mlikuwa na magunia ya sufu ya mbuzi, mali ya shemeji wa mkurugenzi. Gunia moja tu lingeshushwa, yangekwisha. Sodnom akampigia mkurugenzi, akaomba.

"Mzigo haushuki," akajibiwa. "Anayeshuka kwanza ni mfanyakazi. Sheria unaijua kuliko mimi, kaka."

Kweli aliijua. Akalikata jina lake kwa kalamu, akatia saini. Ndege ikafika kwa saa tatu na dakika mbili, kama alivyoandika. Tsermaa akafariki saa kumi jioni. Mumewe alifika kesho yake, akapewa karatasi nyingine ya kusaini.

Msimamizi wa mizigo anaruhusiwa kushusha gunia bila kumuuliza mtu. Zamu ile msimamizi nilikuwa mimi. Nilikuwa nangojea cheo, nikatazama viatu vyangu. Cheo nilikipata. Sodnom hajanilaumu hata siku moja. Kila asubuhi amenimiminia chai, na kila asubuhi nimeona haya kuinywa.

Juzi, kwenye karamu ya kumuaga, mkurugenzi alimzawadia tiketi ya bure ya Seoul, nafasi ikibaki. Watu wakapiga makofi. Sodnom akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru, kisha akaiacha mezani. Mhariri akitaka kupunguza maneno, aanze na hayo makofi.

Kaka, asante kwa miaka yako. Ijumaa ukitoka, mke wangu atanyunyiza maziwa nyuma yako kama anavyofanyiwa msafiri, nami nitamshikia bakuli. Tunakuombea uzee wa amani, na kila uendako ukikute kiti chako kinakungoja. Siku ile vilikuwapo kumi na kimoja.