Vunja Kama Muwa

DADA: Haloo? Nani mwenzangu?

TARUMBETA: Mdogo wako. Shikamoo, dada.

DADA: Marahaba. Mnadi wa mitumba, soko zima linakusikia, leo unanong'ona?

TARUMBETA: Nimejifungia choo cha wodini. Nesi kanipa fomu ya kusaini, machela iko mlangoni. Kuna neno humu... na wewe si unapanga mafaili ya wagonjwa miaka yote?

DADA: Wodini? Uliniambia kikohozi.

TARUMBETA: Kikohozi na ndugu yake, uvimbe wa kooni. Usianze. Neno lenyewe: la... lari... Hili si neno, ni treni.

DADA: Vunja kama muwa, pingili kwa pingili. Maneno haya ya Kigiriki anzia mkiani. Mkia unasema watafanya nini, kichwa kinasema wapi. Ukiona "skopi", wanachungulia tu, kama jirani yako mbea.

TARUMBETA: Mimi nina "tomi".

DADA: Hapo wanapasua. Kabla yake kuna nini?

TARUMBETA: E. Halafu k.

(Mikwaruzo.)

TARUMBETA: Dada? Ni mtandao au ni wewe?

DADA: Nipo. "Ektomi". Wanapasua na... wanatoa.

TARUMBETA: Uvimbe, sivyo?

DADA: Soma kichwa.

TARUMBETA: La-rin-gi.

DADA: Unajua, siku uliyozaliwa mkunga alisema huyu mtoto ana koo la—

TARUMBETA: Dada. Laringi ni nini?

DADA: Kisanduku cha sauti.

TARUMBETA: Chote?

DADA: Ingekuwa kipande, wangeandika kipande.

(Mlango unagongwa.)

TARUMBETA: Nakuja, nesi! ...Na nisiposaini?

DADA: Uvimbe utaziba pumzi.

TARUMBETA: Kwa hiyo nikisaini nanyamaza, nisiposaini nanyamaza. Wamenipa kuchagua, hawa.

DADA: Saini, mdogo wangu. Nimeshika magoti yako.

TARUMBETA: Kesho ukipiga, nitakujibu na nini?

DADA: Na ukucha. Gonga simu mara moja, nitajua upo.

TARUMBETA: Salio linalia, limebaki dakika. Niulize kitu basi, ningali na cha kujibia.

DADA: Ninadie nguo. Moja tu.

TARUMBETA: Humu chooni?

DADA: Humo humo.

TARUMBETA: (anakohoa, kisha kwa nguvu zote) Chagua, mama, chagua! Ya leo ni ya leo, kesho hakuna!

(Mlango unagongwa tena. Kitasa kinafunguliwa.)

DADA: Umesaini?

(Kalamu inakwaruza karatasini.)

DADA: Haloo? Tarumbeta? Umesaini?

(Ko: ukucha kwenye simu.)

(Simu inakatika.)