Wasifu wa Kaka Yetu Mawimbi, Mwanzilishi wa Redio ya Ghorofani

Kaka yetu mpendwa, ambaye wengi mlimwita Mawimbi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, mtoto wa tatu kati ya watano wa dereva wa lori na muuguzi. Anayesoma ni mimi, mdogo wake wa mwisho. Alimaliza chuo cha ufundi mwaka 1989, akawa fundi wa mitambo ya sauti.

Tarehe 6 Mei 1996, yeye na rafiki yake tunayemwita Meneja walifungua redio ya muziki wa vijana wa mjini, nyimbo ambazo redio kubwa zilizikataa. Studio ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la mafundi cherehani, kuta zimebandikwa trei za mayai. Siku ya kwanza cherehani zilisikika hewani, wasikilizaji wakapiga simu kuuliza ngoma hiyo ni ya nani. Marehemu akawajibu, "Ni ya majirani zetu wa chini."

Mwaka 1998 alimuoa msomaji wa habari wa redio hiyo hiyo, wakajaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2009 leseni ilitakiwa kuhuishwa. Fomu alikabidhiwa Meneja aipeleke. Tarehe 2 Juni redio ikafungwa. Ofisi husika ilisema haikupokea kitu.

"Fomu uliipeleka?" marehemu alimuuliza mbele yangu.

"Niliipeleka mwenyewe, kaka."

"Ulimpa nani?"

"Yule dada wa mapokezi."

Mapokezi pale alikaa mzee mmoja wa kiume, miaka yote. Mwezi Agosti masafa yale yale yakarudi hewani kwa jina jipya, Meneja akiwa mkurugenzi. Ushahidi hatukuwa nao, na hata leo hatuna. Kaka akarudi kutengeneza spika, na nyumbani kwake redio haikuwashwa tena.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021. Tarehe 5 Februari 2024 Meneja alikuja hospitalini, akaomba tutoke nje. Alikaa dakika ishirini, mlango umefungwa. Alipoondoka nilimuuliza kaka walizungumza nini.

"Ameniomba msamaha."

"Wa nini?"

"Hakusema. Nikamsamehe hivyo hivyo, ila roho haijatulia."

Alifariki tarehe 9, saa nne asubuhi.

Ameacha mama, mjane, mabinti wawili, ndugu wanne na mjukuu mmoja. Meneja ameomba kusema machache mbele ya jeneza. Familia imempa dakika tano, mara tu baada ya wasifu huu. Tutamsikiliza.

Kaka, pumzika. Yaliyobaki tuachie sisi.