Lorene Vavra Kucera na Mahali Alipozaliwa

Baba Padri, ndugu, majirani wa Mtaa wa Tatu, nanyi mliosafiri katika barafu hii, mimi ni Marlys, mtoto wa kwanza wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya mama yetu.

Marehemu Lorene Vavra Kucera alizaliwa tarehe 14 Machi 1946, akiwa mtoto wa nne wa mzee Ladislav Vavra na mkewe Albina, na hapa desturi inanitaka nitaje mahali alipozaliwa, lakini mama aliacha karatasi, aliyoiandika kwa mkono wake akili zikiwa bado timamu, yenye maneno mawili tu, "Msiandike nilizaliwa wapi." Naam, ni matatu ukilihesabu la mwisho, ambalo amelipigia mstari. Wazee mliopo mnapajua, nami nawaomba msinong'onezane, kwa kuwa sababu ya ombi hilo ndiyo historia yenyewe.

Alianza masomo Septemba 1952 katika shule ya parokia hii, akahitimu sekondari Mei 1964 hapa hapa Wahlen, akipewa zawadi ya mwandiko bora, zawadi aliyoitaja mara nyingi kuliko ilivyopasa. Tarehe 17 Juni 1967 alifunga ndoa na Emil Kucera, fundi wa kuchomelea maghala ya nafaka, aliyetutangulia Novemba 2003, na Mungu akawajalia watoto wawili, mimi na mdogo wangu Dwight.

Tarehe 5 Machi 1979 aliajiriwa kuwa karani katika gereza la kaunti, kwenye meza ambayo kila aliyekamatwa hupita kwanza, akaandika majina, akachukua alama za vidole, na kuuliza maswali yaliyopangwa, likiwemo lile la "Ulizaliwa wapi?" Kiwanda cha nyama kilipoanza kuleta wageni, makarani wenzake waliandika Meksiko kwa kila mwenye nywele nyeusi, lakini mama aliona huo ni utovu wa adabu, akisema mtu ana kijiji chake na kijiji kina tahajia yake, hivyo alimwomba kila mmoja amtajie herufi moja moja, na watu wengi, hata wenye pingu, walitabasamu kidogo wakizitaja.

Mwaka 1998 nyumba ya jirani yetu ilipata wapangaji, Diego Pascual Francisco wa kiwandani na mkewe Petrona, waliokuja kujaliwa mabinti watatu papa hapa Wahlen. Mama alipitisha juu ya uzio sahani ya kolache, vimkate vitamu vya plamu, Petrona akairudisha na tamale za unga wa mahindi, na tangu siku hiyo sahani ile haikuwahi kurudi tupu upande wowote, kwa kuwa wao na sisi tulilelewa kuona aibu ya jambo hilo. Kwenye uzio huo Diego alimsimulia juu ya Santa Eulalia, kijiji cha milima ya Guatemala yenye ukungu ambako mama yake alimzaa, na mama yetu akapaandika kwenye kalenda ya jikoni, pembeni ya siku ya kuzaliwa ya Diego.

Ijumaa tarehe 8 Oktoba 2010, saa nne asubuhi, Diego aliletwa gerezani kwa taa ya nyuma iliyovunjika na kukosa leseni ya udereva, kosa ambalo kwa kawaida mtu hulala siku moja akarudi kwake. Yaliyofuata mama alinisimulia mara nyingi, bila kubadili neno, na nayasoma kama alivyoyasema.

"Ulizaliwa wapi?" aliuliza, kwa kuwa fomu inauliza.

"Hapa," Diego akajibu.

Mama akacheka. "Jirani, usinitanie mimi. Nakujua mpaka kijiji chako."

"Hapa, Mama Lorene," akarudia polepole, akimtazama usoni.

Mama alidhani ni utani wa uzioni, akaandika Santa Eulalia, Guatemala, bila kukosea herufi, kisha akageuza kioo cha kompyuta ili jirani yake aone heshima aliyopewa. Diego alisoma, halafu akasema, "Umeandika vizuri."

Gereza lile hutuma kila jina na kila alama ya kidole kwa maofisa wa uhamiaji wa serikali kuu, na vidole vya Diego, aliyeishi bila kibali, havikujulikana kwao, maana hawakuwahi kumshika, hivyo hapakuwa na cha kumsemea ila mstari ule mmoja. Karatasi ya kutaka azuiliwe ilifika kabla mama hajatoka kazini. Jumamosi Petrona alikuja na koti la mumewe, hakimu akiwa ameshamruhusu Diego aende, akaambiwa mumewe haendi, na kwa kuwa Jumatatu ilikuwa sikukuu, gari jeupe la uhamiaji lilikuja Jumanne tarehe 12, na mama ndiye aliyemrudishia Diego mkanda na saa yake, naye akaondoka, hajarudi mpaka leo. Jumatano sahani ilikuwa juu ya nguzo ya uzio, imeoshwa, imekaushwa, tupu.

Mimi nilimwambia, "Mama, ulifanya kazi yako tu," akanijibu, "Ndiyo maana silali." Nilikasirika, nikadhani anajitesa bure, na leo mbele yenu naomba radhi kwa hasira ile.

Alirudi kwenye meza yake, akaendelea kuuliza, lakini kuanzia majira yale ya baridi, penye mahali pa kuzaliwa aliandika "hakusema," kwa mlevi mwenyeji wa Omaha na kwa mchinjaji wa kiwandani sawasawa, mpaka sherifu akamwita ofisini.

"Lorene, haiwezekani watu mia mbili wote hawakusema."

"Basi labda siulizi vizuri," mama akajibu.

Alihamishiwa chumba cha nguo za wafungwa, akastaafu tarehe 29 Juni 2012 bila sherehe.

Mwaka 2018 ugonjwa wa kusahau ulianza, akasahau jina la Dwight, kisha langu, lakini swali lile halikumtoka. Aliwauliza wauguzi, aliuliza dirisha, alimuuliza Padri akiwa na komunyo mkononi, na mtu alipofungua kinywa kujibu, mama alimziba kwa kiganja, akisema, "Nyamaza mwanangu, wanasikia." Ilitutisha, na sitasema vinginevyo.

Miongoni mwa waliomhudumia alikuwemo Micaela, binti wa kati wa Diego, aliyekuwa na miaka saba gari jeupe lilipokuja. Asubuhi ya kwanza mama alimuuliza, na kabla kiganja hakijafika, yule binti, aliyezaliwa kweli katika hospitali ya mji huu, akajibu, "Hapa, Mama Lorene." Mama alikishusha kiganja, akaandika kwa kidole juu ya shuka, herufi nne, akasema, "Nimeandika." Walifanya hivyo kila asubuhi kwa miezi kumi na minne, hata Alhamisi tarehe 2 Februari 2023, siku aliyofariki, kabla ya adhuhuri, akiwa na miaka sabini na sita.

Familia inawashukuru madaktari, wauguzi, Baba Padri, wenzake wa zamani waliokuja bila sare, na Micaela, ambaye hatuna neno linalomtosha. Tunamshukuru pia Petrona, aliyeketi benchi la nyuma, ambaye hakuna aliyemtarajia na hakuna ambaye angemlaumu kama asingekuja. Sahani tumeikuta asubuhi hii juu ya nguzo, imefunikwa kitambaa, na tamale zikiwa bado za moto.

Mama, huko uendako, ukikuta mtu ameketi mezani, Mungu ajalie asikuulize kitu. Pita tu, upumzike kwa amani.