Shahidi Niliyemkimbia Sokoni

Sifa zote zimrudie Bwana, ndugu zangu! Mimi naitwa Numbi, muuguzi, mke wa Kalenga, mtu wa Mulongo na sasa mtu wa Kamina. Mtanisamehe nikikwama. Kazi yangu siku zote ni kuuliza: unaumwa wapi, tangu lini, umekula nini. Leo, hapa kanisani, ni zamu yangu ya kujibu, na naona si rahisi kama nilivyodhani.

Kule Mulongo nilifanya kazi ya uuguzi tangu nikiwa msichana. Kituo chetu kilikuwa kando ya mto Lualaba, na wagonjwa walikuja kwa mitumbwi kutoka kwenye mabwawa, wengine wamelazwa juu ya mihogo, wengine juu ya samaki. Nilizalisha, nilifunga vidonda, nilitia serumu mshipani, na dawa zilipokwisha nilishika mkono wa mgonjwa nikaomba. Watu waliniita dokta hadi nikachoka kuwasahihisha. Sikuwahi kuwaza kuhama.

Kisha mume wangu akapigwa na kiharusi. Upande mmoja wote wa mwili wake ukalala. Tuliambiwa dawa yake si chupa wala kidonge, ni kufanyishwa mazoezi ya mguu na mkono hospitalini kila juma, kwa muda mrefu, na mahali pa kufanyiwa hivyo ni Kamina. Basi tukambeba mpaka kwenye mashua, tukapanda mto hadi Bukama, na kutoka hapo tukachukua treni. Shemeji yangu Banza, mdogo wa mume wangu, mfanyakazi wa reli, alitupokea nyumbani kwake pamoja na mke wake na watoto wao. Alitupa chumba chake mwenyewe. Bwana amkumbuke.

Lakini ndugu zangu, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe langu mimi ni sindano. Banza hakusema neno hata siku moja, ila macho yangu yalikuwa yanaona sufuria: bukari ileile, ndiyo ugali wetu, na midomo imeongezeka. Nilijua kwamba nisipopata kazi kabla mvua haijaharibu njia, tutarudi Mulongo, na mume wangu hatatembea tena. Nililala na jambo hilo, nikaamka nalo.

Nikaanza kutafuta. Nilipiga pasi bluzi yangu nyeupe nikaikunja ndani ya mfuko, kana kwamba mtu angeniambia nianze palepale. Hospitalini walisema hakuna nafasi. Mahali pengine walinipa maji ya kunywa wakaniambia nirudi, nikarudi, wakanipa tena maji. Kwingine kijana mwenye umri wa kuwa mwanangu aliangalia diploma yangu, akaniuliza kama najua kupima presha. Nilimjibu kwamba najua. Nilikuwa na majibu mengine, lakini Roho alinishika ulimi.

Na kulikuwa na jambo ambalo sikumwambia mtu. Siku moja nilikwenda kwenye soko lililo karibu na stesheni kununua samaki wakavu. Nikamwona mama amekaa nyuma ya kapu lake. Alikuwa Mama Mbuya wa kwetu.

Miaka iliyopita, wakati wa mvua, Mama Mbuya aliniletea kituoni mtoto wake wa kiume, mzaliwa wake wa kwanza. Malaria ilikuwa imemmaliza damu, na degedege lilikuwa limeshaanza. Hatukuwa na damu ya kumwongezea. Tukaingia mtumbwini, mimi, yeye na wapiga kasia, kumkimbiza hospitalini. Mtoto alikufa mikononi mwangu katikati ya matete, kabla hatujafika hata nusu ya njia. Nilifanya yote niliyoyajua, nayo hayakutosha. Ndugu zangu, muuguzi anaweza kusahau majina ya waliopona, lakini wale wengine anatembea nao.

Baadaye Mama Mbuya alihama, na sikumwona tena mpaka siku hiyo ya soko. Niligeuka kabla hajainua macho. Tangu hapo nikawa napita ng'ambo ya barabara kwenda soko lingine la mbali, lenye samaki wabaya. Mume wangu ni mtu wa mto. Alitafuna polepole kwa upande wake mzima huku ananiangalia. "Samaki hii njo ya wapi?" aliniuliza. Nikamwambia ni ya sokoni, ale tu.

Hatimaye mlango ukafunguka kidogo. Upande wa pili wa reli kuna kituo cha afya cha mtaa, na muuguzi wao alikuwa amemfuata mumewe Kolwezi. Mkuu wa kituo, Papa Ilunga, aliniuliza juu ya uzazi mgumu na juu ya watoto waliokosa chakula, nasi tukaongea kama watu wa kazi moja. Moyo wangu ukaanza kuchangamka. Ndipo akasema:

"Mama, kwangu minyi iko muzuri. Lakini komite ya mutaa njo inaamua. Nyuma ya ule wa Kolwezi, mbele ya weye, kulikuya mumoja na diplome ya muzuri, kumbe kazi hayui. Sasa bantu wanaogopa. Lete muntu mumoja mwenye alikuona ku kazi, aseme mbele yao siku ya posho. Hapa mu Kamina, nani anakuyua?"

Siku ya posho ndiyo Jumamosi. Mulongo ningemletea kijiji kizima. Kamina aliyeniona kazini, asiye wa familia, alikuwa mmoja tu, na huyo nilikuwa namkimbia.

Nilirudi nyumbani nikamweleza mume wangu yote, kwa mara ya kwanza. Siku hizo maneno yake yalitoka kwa shida, moja moja. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mama. Mungu alikuletea ule mama karibu. Weye njo unapita mbali."

Asubuhi nikapiga magoti. Sikuomba kwa maneno mazuri. Nilimwambia Bwana kwamba afadhali anitume kwa simba kuliko kwa mama yule. Nikamwambia kwamba mama huyo akinitukana mbele ya watu, atakuwa na haki, maana kule mtumbwini nilimwahidi kwamba mtoto wake atafika hospitalini. Ndugu zangu, sikuona maono. Sikusikia sauti. Nilipoinuka, hofu ilikuwepo bado, ileile, ila niligundua kwamba naweza kutembea nayo. Hapo ndipo Bwana aliponifungua. Nilitembea na hofu yangu mpaka sokoni.

Nikasimama mbele ya kapu. Nyuma ya Mama Mbuya mtoto mdogo wa kike alikuwa amelala juu ya gunia. Mama Mbuya akainua macho.

"Mama infirmière," alisema taratibu, akiniita muuguzi kama zamani. "Umefika. Nilikuonaka tangu siku mingi, unapita kule ng'ambo. Nikasema, achia tu. Bantu mingi wamepita mu mikono yake, hawezi kukumbuka minyi."

Mimi nilidhani ananichukia, naye alidhani nimemsahau! Nikakaa chini, palepale penye magamba ya samaki, nikalia. Naye akalia. Mteja mmoja alikuja, akatutazama, akaenda kununua kwa jirani. Tulipotulia nikamweleza shida yangu. Hakuniuliza mengi. Alifunika kapu lake akasema, "Siku ya posho, saa ngapi?"

Jumamosi komite ilikutana kwenye ukumbi mdogo wa kituo. Mwenyekiti wao ni mzee aliyestaafu reli, mtu asiyecheka ovyo. Mama Mbuya alisimama na kitenge chake cha soko, akaanza pale ambapo mimi nisingethubutu kuanzia.

"Huyu mama, nilimuletea mutoto yangu. Akakufa mu mikono yake."

Watu waliguna. Nikatazama sakafu. Moyoni nilisema, basi, kazi imekwisha.

"Akatoa kitenge yake mwenyewe," akaendelea, "akafunga naye mutoto yangu. Hakuniacha ku mutumbwi. Akarudia na minyi mupaka ku kwetu, akaambia bwana yangu na mudomo yake, hakutuma muntu. Akakaa na siye ku kilio, chini, sawa ndugu."

Ndugu zangu, mimi kitenge kile nilikuwa nimekisahau kabisa. Nilikumbuka kifo tu.

Mwenyekiti aliegemea meza. "Mama, mutoto alikufa, na bado unamusimamia?"

"Njo sababu, papa. Mwenye mutoto yake alipona, atasifu infirmière yeyote. Minyi nilimuona huyu siku yenye mutoto alikufa. Muntu wa vile mutamupata wapi?"

Mwenyekiti alivua miwani akaifuta, akaifuta tena, akasema nianze Jumatatu.

Leo tunakaa katika nyumba yetu ndogo ya kupanga, karibu na kwa Banza, na kwa Banza wanakula kwa nafasi. Mume wangu anatembea kwa fimbo. Yuko pale nyuma, amekuja kwa miguu yake. Msimgeukie wote kwa pamoja, anaona haya.

Lakini sijamaliza. Juma langu la kwanza kazini ilifika siku ya kilo, siku ya kupima watoto, na Mama Mbuya akaja na yule mdogo wa kike. Ilikuwa mara yao ya kwanza kuja kupima kwetu. Nikamtundika kwenye mizani, akalia kama wanavyolia wote. Nikachukua kadi mpya, nikauliza kama ninavyouliza kila mama, bila hata kuinua kichwa:

"Jina ya mutoto?"

Akamfuta mtoto machozi. Kisha akasema, "Numbi."

Nikaweka kalamu chini. Mnajua kwetu jina halitupwi tu. Mtoto hupewa jina la mtu ambaye mama hataki atoke nyumbani mwake. Huyu alizaliwa baada ya kaka yake kufa, na mama yake alikuwa akimwita jina langu asubuhi na jioni. Miezi yote ile niliyozunguka soko la mbali, jina langu lilikuwa limelala juu ya gunia nyuma ya lile kapu.

Basi wewe unayenisikiliza, kama kuna mtu unayepita mbali naye, usingoje hofu iishe kwanza. Ya kwangu haikuisha. Mtumaini Bwana uende nayo hivyohivyo, maana yeye alishatangulia kufika. Namshukuru Mungu, namshukuru Mama Mbuya, nanyi mlionisikiliza nawashukuru. Amina.