Upindo wa Mwisho wa Fahadi

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Fahadi Hasani wa Iringo, Musoma. Alikuwa mwigizaji. Alifariki akiwa na miaka ishirini, kabla ya kumaliza filamu yake ya kwanza.

Alizaliwa na selimundu, na ugonjwa huo ulimdumaza. Baba yake, Mzee Hasani, ni fundi cherehani. Kila kanzu ya Idi alimshonea kwa upindo mpana, mtoto akikua ishushwe. Idi zilipita. Upindo haukushushwa.

"Nilikuwaga namwambia, utakua tu," anasema Mzee Hasani. "Ananicheka. Ananiambia, 'Baba, kitambaa chako kina imani kuliko daktari.'"

Mwaka jana mwongozaji Dorah alikuwa akitengeneza filamu kutokana na hadithi ya kubuni ya kisayansi. Shujaa wake ni Mugeta, mwenye kipaji cha ajabu, anayeunda chombo cha kwendea nyotani. Anaanza mtoto, anaishia mtu mzima. Fahadi akapewa nafasi hiyo. Baba akashona vazi la anga, moja tu, lenye pindo mbili.

Kule ufukweni Mwigobero, Fahadi aliigiza Mugeta mtoto, akikimbia kati ya mitumbwi, vazi limekunjwa lote. Kule Bunda akaigiza Mugeta kijana. Baba alishusha upindo wa kwanza, naye akavaa viatu vya soli nene. Akajitazama kiooni.

"Mzee, umeona? Nimekua."

Baba aligeuka, akajifanya anatafuta mkasi.

Ilibaki sehemu ya kupigwa Butiama: Mugeta mtu mzima, juu ya majabali, akiiaga dunia. Wiki hiyo maumivu yalimshika Fahadi. Hakutoka hospitali.

Upindo wa pili, wasikilizaji wapendwa, ulikuwa bado umekunjwa. Dorah alifika msibani, hakuthubutu kuliulizia vazi. Mzee Hasani ndiye aliyelitaja.

"Mpe mwingine, mwanangu. Wangu hakukua. Huyu Mugeta msimwache njiani."

Aliyesimama Butiama ni Kasmiri, rafiki wa Fahadi. Mzee Hasani alipiga magoti mbele yake, pini mdomoni, akafumua nyuzi polepole. Suruali ikashuka, ikagusa kiatu. Akaishikilia pale chini kwa muda mrefu.

"Simama wima, baba," akamwambia Kasmiri.

Tunampa pole Mzee Hasani na wote wa nyumbani kwake. Mola ampumzishe Fahadi. Nasi, kila mmoja alipo, tujiulize: ni nani kwetu ambaye tumeacha kumshonea nguo ya kukulia?