Rosaire Vachon, Aliyekagua Tairi Kabla ya Kusalimu (1947–2025)

Rosaire Vachon alizaliwa tarehe 9 Novemba 1947 huko Mattice, kaskazini mwa jimbo la Ontario, Kanada, mtoto wa nne wa Adélard na Blanche Vachon. Theluji ilikuwa imefika madirishani, na mkunga aliletwa kwa farasi. Marehemu alipenda kusema kwamba farasi yule alivishwa viatu vya chuma vyenye meno, maana yake hata mnyama alijua jambo ambalo watu wa Toronto, kule kusini, hawajalijua mpaka leo.

Alisoma shule ya parokia hadi darasa la tisa. Masista waliandika kwamba ni mkaidi. Hawakukosea.

Kuanzia mwaka 1968 hadi 2006 aliendesha gari la kusukuma theluji kwenye Barabara Kuu ya 11. Kila msimu wa baridi alikuta magari mtaroni. Aliuliza kwanza kama kuna aliyeumia, kisha aliinama kutazama tairi, na akikuta si za baridi bali ni zile ziitwazo za misimu yote alikunja uso kama aliyenusa maziwa yaliyochacha. Hakuwahi kuziita hivyo. Kwake zilikuwa tairi za misimu mitatu. "Msimu wa nne," alisema, "wamekuachia wewe na Mungu." Aliwadharau madereva hao wote, na akawavuta wote kwa mnyororo wake. Hakumpita hata mmoja akamwacha pale.

Tarehe 12 Juni 1971 alifunga ndoa na Huguette Comeau. Walijaliwa binti mmoja, Solange. Desemba 2004 Solange alimleta nyumbani mchumba kutoka kusini, Derek Whitcombe. Derek alinyoosha mkono kusalimu, akakuta hakuna wa kumsalimu, kwa sababu mwenyeji wake alikuwa amechuchumaa nyuma ya gari.

"Ni za misimu yote, mzee," Derek alieleza kwa adabu.

"Misimu yote ya wapi? Florida?"

Kwenye nguzo ya baraza marehemu alikuwa amepigilia vipande viwili vya raba, kimoja cha tairi ya baridi, kingine cha ile nyingine. Alimvua Derek glavu akamwambia abonyeze kwa kucha. Cha kwanza kilibonyea, laini ya kushika barafu hata kwenye baridi ile. Cha pili kilikuwa kigumu kama ubao, na kucha ikapasuka. Derek alicheka, akasema yeye huendesha taratibu. Ndivyo wanavyosema wote, kana kwamba barafu inasubiri wanaokwenda mbio. Alikubaliwa kuoa. Tairi hakubadilisha, kwa miaka ishirini.

Mwaka 2021 marehemu aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa moyo. Asubuhi ya tarehe 3 Januari 2025, familia ikiwa bado pamoja baada ya sikukuu, kifua kilimbana vibaya. Ambulensi ilikuwa kwenye ajali upande wa Kapuskasing, na hospitali iko Hearst, upande wa pili. Derek alisogeza gari lake mlangoni, likiwa limeshapata joto. Marehemu alitoka ameshikiliwa na Solange, akainama, akatazama.

"Mimi humo sipandi."

Solange alilia. Derek alisema huu ni upuuzi, mtu anakufa huku anabishania raba, akaondoka kwa hasira ili awahi kuwaambia madaktari wajiandae. Huguette, ambaye pikapu yake yenye tairi za baridi hulala imechomekwa kwenye umeme injini isigande, kama ya kila mwenye akili, aliiwasha akamchukua mumewe na binti yao.

Njiani, kabla ya kijiji cha Hallébourg, waliliona gari la Derek mtaroni, pua ndani ya theluji. Yeye alisimama kando, mzima, na kiatu kimoja. Huguette hakupunguza mwendo.

"Simama," alisema marehemu.

"Moyo wako, Rosaire. Tutampigia mtu simu."

"Moyo wangu unakwenda. Yule haendi popote."

Huguette alisimama. Yeye na Solange walifunga ule mnyororo wa marehemu, uliokuwa pikapuni, naye akielekeza kupitia dirishani kwa sauti iliyokuwa ikikatika. Gari lilitoka, marehemu akaamuru liachwe palepale, Derek apande kiti cha nyuma. Mlangoni mwa hospitali alimgeukia: "Misimu mitatu, kijana."

Alifariki tarehe 6 Januari. Derek alimuuliza daktari kama muda ule uliopotea mtaroni ndio uliomuua. Daktari alisema hawezi kujua. Hakuna mtu katika familia aliyemuuliza Derek anajisikiaje, na huenda hiyo nayo ni dharau iliyozidi.

Ardhi ya kwetu ikiganda haichimbiki, kwa hiyo marehemu alisubiri hadi leo, Jumamosi, 17 Mei 2025. Derek amekuja kutoka kusini kwa tairi za baridi, mpya kabisa, kwenye lami kavu yenye joto linalozila kama jibini. Hapo kuna upumbavu ambao marehemu aliudharau karibu sawa na ule wa kwanza. Ila gari limeegeshwa karibu na kaburi, na asubuhi Huguette alizitazama tairi hizo kabla ya kumsalimu mwenyewe. Kisha akamsalimu.

Marehemu ameacha mke, Huguette, binti, Solange, mkwe, Derek, wajukuu, Noémie na Bastien, na mnyororo mmoja, ambao Derek ameuomba akapewa.

Alale kwa amani, katika ardhi iliyoyeyuka.