Mshumaa Mmoja wa Neptuni

Ndani ya basi, mama mkunga aliyekaa mbele yangu aliitazama keki aliyoipakata mwalimu wetu wa fizikia. Ilikuwa na mshumaa mmoja. “Hongera, baba! Anatambaa au ameshasimama?”

“Si mtoto, mama. Ni sayari ya Neptuni. Leo inamaliza kulizunguka jua kwa mara ya kwanza tangu igunduliwe.”

“Iligunduliwa lini?”

“Miaka mia moja sitini na mitano iliyopita. Kwake yeye ni mwaka mmoja tu.”

“Thubutu! Huyo ni bibi kizee. Ongeza mishumaa.”

“Usinicheke, mama. Mkuu wa shule amesema wasipokuja wanafunzi kumi kuitazama leo usiku, darubini yetu inarudishwa stoo. Mara ya mwisho walikuja wawili.” Mmoja wao, kwa kumbukumbu za historia, alikuwa amelala.

“Basi nihesabu na mimi. Ila mshumaa mmoja sikubali.”

“Ni mmoja!”

“Mia moja sitini na mitano!”

Basi lilisimama kwenye lango la shule. Mkunga, ambaye kituo chake tulishakipita, alishuka naye wakibishana. Mimi nilikimbilia bwenini kutangaza keki. Neptuni sikuitaja.